Cheti cha Ubatizo Kikipotea, Kitabu Kiko Wapi?

Lizaboni ni kata ya watu waliotoka kwingi. Katika kata hii ya Manispaa ya Songea wanaishi Wangoni wa Peramiho na Namtumbo, Wamatengo wa milima ya Mbinga, Wanyasa wa mwambao wa ziwa, Wayao wa upande wa Tunduru, watumishi waliohamishiwa mkoani kutoka kona zote za nchi, na watoto wa wale waliokwenda kukata mkonge Tanga wakakaa huko miaka mingi kabla ya kurejea. Wengi wao wamebatizwa, lakini si wote waliobatizwa Songea. Ndiyo maana mkazi wa Lizaboni akipotelewa na cheti cha ubatizo, swali la kwanza si namna ya kuomba kingine. Swali la kwanza ni aombe wapi.

Swali hilo mara nyingi huibuka wakati mbaya. Posa imepokelewa, kamati ya harusi imeshakaa, kadi za michango zimegawiwa, ndipo paroko anaulizia vyeti. Au kijana amepata nafasi ya chuo, hana cheti cha kuzaliwa, na anaambiwa alete uthibitisho wowote wa zamani. Au mzee anataka kusahihisha tarehe yake ya kuzaliwa kabla ya kustaafu. Kila mara familia hupekua masanduku kutafuta karatasi, na isipoonekana hukata tamaa kana kwamba ubatizo wenyewe umepotea.

Haujapotea. Kinachothibitisha ubatizo ni kitabu cha parokia. Cheti ni nakala iliyotoka humo. Anayelielewa hilo atajua mwombaji afanye nini, ofisi ya parokia inawajibika kwa lipi, na hatari kubwa iko wapi. Hatari kubwa haiko kwenye cheti kilichopotea. Iko kwenye kitabu kinachoweza kupotea.

Mstari mmoja kwa maisha yote

Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu. Kanuni ya 877 inamtaka paroko wa mahali ubatizo ulipofanyika aandike bila kuchelewa jina la mbatizwa, mhudumu aliyembatiza, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama wapo, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Agizo hili ni la kale. Mtaguso wa Trento ulipotunga sheria ya ndoa mwaka 1563 uliwataka maparoko watunze kitabu cha ndoa, na hata katika ubatizo uliwataka waandike majina ya wasimamizi.

Kitabu cha ubatizo cha zamani ni kikubwa, chenye jalada gumu na kurasa zilizochorwa safu. Kila aliyebatizwa ana mstari wake na namba yake. Vichwa vya safu katika vitabu vya enzi za misheni ni vya Kilatini, na mwandiko hubadilika kila anapobadilika paroko. Pembeni kabisa huachwa nafasi ya maelezo, na hapo ndipo penye siri ya kitabu hiki. Kipaimara huandikwa hapo. Ndoa huandikwa hapo, na vilevile daraja takatifu na nadhiri za daima. Mtu anaweza kubatizwa Kigonsera, akapata kipaimara Songea na kufunga ndoa Dodoma. Taarifa hizo zote zinapaswa kurudishwa Kigonsera zikaandikwe kwenye mstari uleule. Kwa upande wa ndoa, utaratibu huo ulitiliwa mkazo na tamko la Ne Temere la mwaka 1907, na hadi leo kanuni ya 1122 inaudai.

Namba ya mstari huo ndiyo inayoonekana kwenye kadi na vyeti vyetu baada ya herufi LB, yaani Liber Baptizatorum, kitabu cha wabatizwa. Aliyeinakili namba yake mahali salama amemaliza nusu ya kazi: katibu wa parokia ataufikia mstari wake kwa dakika chache. Asiyekuwa nayo atamlazimisha katibu kupekua kurasa za miaka miwili au mitatu, jina kwa jina.

Kwa nini cha zamani hakitoshi

Wengi hushangaa kuambiwa walete cheti kipya ilhali cha zamani wanacho mkononi. Kwa ajili ya ndoa, maparokia kwa kawaida hudai cheti kilichotolewa ndani ya miezi sita iliyopita. Hii haina maana kwamba ubatizo huchakaa. Cheti cha utotoni kinaeleza hali ya siku ile kilipoandikwa. Hakiwezi kueleza yaliyoandikwa pembeni baadaye. Paroko anayewaandaa wachumba anataka kujua kama mmoja wao alishafunga ndoa kwingine, na anayeweza kumjibu ni kitabu cha mahali alipobatizwa. Ndiyo maana kanuni ya 535 inasisitiza kwamba maelezo ya pembeni yaandikwe kwenye kila cheti kinachotolewa.

Hivyo utaratibu huu, unaoonekana kuwa usumbufu, ni ulinzi. Dada wa Lizaboni anayeposwa na mwanamume kutoka mkoa wa mbali, ambaye ndugu zake hawajui, ana haki ya kulindwa na mstari ule. Ubishi mwingi katika ofisi za parokia ungekwisha kama wachumba wangeelezwa sababu hii siku ya kwanza, badala ya kuambiwa tu kwamba huo ndio utaratibu.

Aombe wapi

Cheti hutolewa na parokia yenye kitabu, na kitabu kiko mahali ubatizo ulipofanyika. Parokia unayosali leo haiwezi kukutolea cheti cha ubatizo uliofanyika kwingine. Inaweza kukuandikia barua ya utambulisho tu. Sheria hii ni nyepesi mdomoni, lakini kwa watu wa Ruvuma inahitaji kuijua historia kidogo.

Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia kutoka Bavaria walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Kigonsera mwaka 1899. Vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni mwaka 1905, Peramiho ilichomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni hapa Songea, na baadhi yao walibatizwa gerezani kabla ya kufa. Misheni zilijengwa upya, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa wamisionari wa Kijerumani, na imani ikabaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa makatekista hadi wamisionari waliporuhusiwa kurudi. Mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia yenye mamlaka kama ya jimbo, chini ya Abate Gallus Steiger. Mwaka 1969 likazaliwa Jimbo la Songea, askofu wake akiwa James Komba. Mwaka 1986 majimbo ya Mbinga na Tunduru-Masasi yakaundwa, na mwaka 1987 Songea ikawa jimbo kuu.

Chukulia mama wa Lizaboni aliyebatizwa Litembo mwaka 1960. Wakati ule Litembo ilikuwa chini ya Abasia ya Peramiho. Alipopata kipaimara, tuseme mwaka 1972, eneo lilikuwa Jimbo la Songea. Leo Litembo iko Jimbo la Mbinga. Akienda Peramiho kwa sababu cheti chake cha zamani kina jina la abasia, atarudishwa. Akienda ofisi za Jimbo Kuu mjini Songea, ataelekezwa kwingine. Majimbo yamegawanyika, lakini kitabu hakikuhama: mstari wake unatafutwa Litembo.

Parokia nazo hugawanyika. Kigango kikikua na kupewa hadhi ya parokia, hufungua vitabu vyake kuanzia siku hiyo. Waliobatizwa kabla ya hapo wanabaki katika vitabu vya parokia mama, hata kama walibatizwa ndani ya kanisa lilelile linaloitwa parokia leo. Kwa hiyo usiulize tu ulibatizwa kanisa gani. Uliza kanisa hilo lilikuwa chini ya parokia gani mwaka ule.

Kwa Waanglikana, Walutheri na Wamoraviani msingi haubadiliki: daftari liko katika mtaa au usharika ulikobatiziwa. Wazee wengi wa mwambao wa Ziwa Nyasa ni matunda ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyojikita kisiwani Likoma tangu mwaka 1885, na upande wetu Liuli ilikuwa kituo chake mashuhuri. Mwanglikana wa Lizaboni aliyebatizwa huko aanze na parokia yake ya zamani. Akikwama, Dayosisi ya Ruvuma ina makao yake hapahapa Songea. Kanisa Katoliki hukubali ubatizo wa makanisa hayo uliofanywa kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu, hivyo katika ndoa mseto cheti chao kinahitajika sawasawa na cha Mkatoliki.

Aende na nini

Kukusanya taarifa kabla ya kupanda gari ni nusu ya safari. Mwombaji aandike majina yote aliyowahi kuitwa, ya ubatizo na ya ukoo, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo, au walau mwaka na sikukuu iliyokuwa karibu, kwa kuwa watoto wengi hubatizwa Pasaka au Krismasi, majina ya baba na mama kama walivyojulikana wakati ule, jina la msimamizi, na kigango. Namba ya LB ikipatikana, hata kwenye picha ya kadi iliyobaki katika simu ya ndugu, iwe ya kwanza. Kama imepotea, kadi ya kaka au dada aliyebatizwa parokia hiyohiyo inaweza kuelekeza kwenye kitabu cha miaka hiyo.

Achukue pia kitambulisho chake na barua ya utambulisho kutoka parokia anayosali sasa, ambayo kwa kawaida huanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo. Mtu asiyeweza kusafiri anaweza kumtuma ndugu kwa barua ya maandishi, au kumwomba paroko wake awasiliane na paroko mwenzake. Simu imerahisisha kutafuta: picha ya mstari inaweza kufika Lizaboni jioni ileile. Lakini picha haiwi cheti. Kinachokubalika ni karatasi yenye saini ya paroko na mhuri wa parokia, na hiyo lazima isafiri. Kama kuna ada au sadaka ya kazi hiyo, mwombaji aulize mapema na apewe stakabadhi.

Jina lisipoonekana

Hapa ndipo uvumilivu hupimwa. Mara nyingi jina lipo ila limeandikwa tofauti. Mapadre wa misheni waliandika majina kwa tahajia ya Kilatini au ya Kijerumani: Skolastika ni Scholastica, Yohane ni Joannes, Saveri ni Xaverius. Ukoo nao hutatiza. Mtoto wa miaka ya 1950 angeweza kuandikwa kwa jina la ubatizo na jina moja tu la baba, bila jina la ukoo analotumia leo, kama Komba, Ngonyani, Ndunguru au Haule. Basi atafutwe kwa majina ya wazazi na msimamizi, si kwa jina lake peke yake, na ipekuliwe miaka miwili mbele na nyuma.

Ikishindikana, vipo vitabu vingine. Kitabu cha kipaimara na cha ndoa kwa kawaida hutaja mahali mtu alipobatizwa. Aliyefunga ndoa kanisani ana jalada la maandalizi ya ndoa, na ndani yake mara nyingi kimo cheti cha ubatizo kilichowasilishwa wakati ule. Huenda pia ubatizo ulifanywa na katekista kigangoni au hospitalini mtoto akiwa mahututi. Kanuni ya 878 inamtaka aliyebatiza kumpa taarifa paroko wa mahali hapo ili aandike, lakini taarifa nyingine hazikufika.

Hata pasipo mstari wowote, mlango haujafungwa. Kanuni ya 876 inasema kwamba, pasipo madhara kwa mtu yeyote, ubatizo unaweza kuthibitishwa kwa tamko la shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, au kwa kiapo cha mbatizwa mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Mama mzazi, msimamizi au katekista mzee aliyekuwepo anatosha. Wazee hawa ni hazina, na wanaondoka. Tamko lao lichukuliwe kwa maandishi wangali hai.

Lisilofaa ni kumwambia mtu abatizwe tena ili mambo yaishe. Kanuni ya 845 inakataza kurudia ubatizo. Pale tu ambapo shaka imebaki baada ya uchunguzi wa dhati ndipo kanuni ya 869 inaruhusu ubatizo kwa sharti. Kukosa karatasi si shaka ya namna hiyo.

Na serikali je?

Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa, lakini katika nchi yetu vimeishi kwa kusaidiana. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, ila kwa miongo mingi wachache walifanya hivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta takriban asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamesajiliwa. Waliozaliwa kabla ya hapo wakakua wakiwa na kadi ya kliniki, cheti cha shule na cheti cha ubatizo. Ndiyo sababu RITA, katika usajili uliochelewa, hupokea cheti cha ubatizo miongoni mwa viambatisho vya kuthibitisha kuzaliwa.

Thamani yake ina mipaka yake. Kitabu kinathibitisha ubatizo kwa uhakika, kwa kuwa mwandishi aliushuhudia au alipewa taarifa na aliyebatiza. Tarehe ya kuzaliwa aliipokea kwa mdomo wa wazazi. Mtoto aliyebatizwa wiki tatu baada ya kuzaliwa ana tarehe ya kuaminika sana. Mtu mzima aliyebatizwa baada ya mafundisho ya ukatekumeni huenda umri wake ulikadiriwa. Kwa hiyo tarehe za NIDA, za shule na za ubatizo zikigongana, umri wa mwombaji siku ya ubatizo utasaidia kuamua ipi iaminiwe.

Jaribu kubwa hapa ni kumwomba paroko "arekebishe" mwaka ili ufanane na kitambulisho. Paroko asikubali, na muumini asiombe. Kughushi hati za Kanisa ni kosa chini ya kanuni ya 1391, na kughushi ni jinai chini ya sheria za nchi. Kosa halisi la uandishi lina njia yake: mwombaji alete ushahidi, ofisi ya jimbo ishirikishwe, na sahihisho liandikwe pembeni bila kufuta yaliyoandikwa kwanza.

Cheti si fimbo

Malalamiko yanayosikika mara kwa mara kuhusu ofisi za parokia ni kwamba mtu ananyimwa cheti kwa sababu hajalipa zaka, hahudhurii jumuiya, au ana deni la mchango wa ujenzi. Uchungu wa viongozi unaeleweka: parokia zinajitegemea, na wapo wanaoonekana tu wanapohitaji mhuri. Hata hivyo mambo haya mawili yatenganishwe. Kanuni ya 487 inampa mhusika haki ya kupata, yeye mwenyewe au kwa mwakilishi wake, nakala halisi ya hati za hadhara zinazohusu hali yake. Imeandikwa kuhusu hifadhi ya jimbo, lakini hakuna sababu ya haki hiyo kupungua mlangoni pa parokia. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa Mtanzania haki ya kuzifikia taarifa zake.

Padre anayo nafasi ya kumwonya muumini aliyelegea, na afanye hivyo kwa upendo. Lakini mstari ule uliandikwa mtu akiwa mchanga mikononi mwa mama yake, na haukuwekewa sharti la michango. Kumnyima nakala yake ni kumfungia njia ya ndoa, ya shule na wakati mwingine ya uraia wake. Vilevile kitabu si cha kufunguliwa kwa kila anayeuliza. Humo mna habari za watoto wa nje ya ndoa, walioasiliwa na ndoa zilizovunjika. Mhusika apewe kilicho chake. Mwingine aonyeshe barua.

Kitabu chenyewe kikipotea

Cheti kikiungua, kitabu kinatoa kingine. Kitabu kikiungua, nani atakitoa? Kwa kawaida kitabu cha parokia kipo kimoja tu, ndani ya kabati moja, chini ya bati moja. Mchwa, unyevu wa masika na moto havichagui. Ungoni inajua tangu mwaka 1905 kwamba misheni nzima inaweza kuteketea. Kanuni ya 535 inataka kila parokia iwe na hifadhi ya nyaraka na vitabu vya kale vitunzwe kwa uangalifu. Kanuni ya 491 inamkabidhi askofu jukumu la kuona hilo linafanyika.

Kazi hii leo inawezekana kwa gharama ndogo. Kijana mmoja mwenye simu nzuri na mwanga wa dirishani anaweza kupiga picha kitabu kizima, chini ya usimamizi wa paroko. Nakala moja ikae parokiani na nyingine kwa kansela wa jimbo, zikilindwa kwa nywila. Majimbo ya Songea, Mbinga na Tunduru-Masasi yana watu waliosambaa Tanzania nzima, na orodha ya pamoja inayoonyesha parokia ipi ilizaliwa kutoka ipi, na mwaka gani, ingeokoa nauli za maelfu ya waumini. Ni karatasi chache tu, na ingebandikwa kwenye mbao za matangazo.

Kwa msomaji wa Lizaboni na kwingineko, yapo ya kufanya wiki hii. Waulize wazazi wako, kama wangali hai, ulibatizwa wapi, lini, na nani alikusimamia. Yaandike kwa kila mtoto wa nyumba yako pamoja na namba ya LB, uhifadhi nakala mahali pawili. Kama unatarajia ndoa, omba cheti kabla ya kuchapisha kadi. Na wewe mwenye funguo za kabati la parokia, fungua kitabu mwombaji halali anapofika, na uhakikishe nakala yake ipo mahali pengine salama.